Hadithi ya Kuazima na Haki ya Msimulizi

Wapenzi wa filamu za Kihindi katika nchi yetu hawana haja ya kutafutiwa jambo la kubishania. Watabishana juu ya waimbaji, watabishana juu ya waigizaji, na watabishana hata juu ya yupi aliyelia machozi ya kweli na yupi aliyetiwa maji machoni. Aghalabu ubishi wa namna hiyo huanza na kahawa ukamalizika na kahawa. Walakini upo ubishi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi, hata nikaona kuwa haustahili kuachwa uishie barazani, kwa kuwa ndani yake limo swali zito la utamaduni.

Ubishi wenyewe ni juu ya mwongozaji wa filamu aitwaye Priyadarshan. Wanaomsifu husema kwamba hakuna amshindaye kwa kuwachekesha watu. Wanaomlaumu, ambao mara nyingi nao ni wapenzi wake, husema kwamba bingwa huyo anategemea mno kazi zilizokwisha kufanywa: huichukua filamu iliyokwisha kuonyeshwa, akaitengeneza upya kwa lugha nyingine na waigizaji wengine, kisha makofi akapigiwa yeye. Je, mtu wa namna hiyo ni msanii au ni mnakili?

Nakusudia kulipima swali hili kwa utulivu, na nalileta mbele ya walimu na wanafunzi kwa kuwa halikomei India. Kila mwalimu wa fasihi aliyepata kusahihisha hadithi ya mwanafunzi, akaona kwamba hadithi hiyo aliwahi kuitazama mahali fulani, amekwisha kukutana nalo uso kwa uso.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Priyadarshan alizaliwa mwaka 1957 katika mji wa Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Pwani ya jimbo hilo wazee wetu waliijua tangu zamani kwa jina la Malabari, na pepo za kaskazi na kusi zimekuwa zikiunganisha bandari zake na bandari zetu kwa karne nyingi. Vasco da Gama alipotoka Malindi mwaka 1498, mji alioufikia ng'ambo ya bahari ulikuwa Calicut, na mji huo umo katika Kerala ya leo. Lugha ya wenyeji wa huko ni Kimalayalam, na kwa lugha hiyo Priyadarshan aliongoza filamu yake ya kwanza, *Poochakkoru Mookkuthi*, mwaka 1984. Filamu yake ya kwanza ya Kihindi ilikuja baadaye, mwaka 1992.

Hapa inafaa msomaji akumbuke jambo ambalo watazamaji wengi wa kwetu hulisahau. Tunasema "filamu za Kihindi" kana kwamba India nzima ina lugha moja na soko moja la filamu. Sivyo hivyo. Watu wa Mumbai wana filamu zao za Kihindi; watu wa Chennai wana zao za Kitamil; watu wa Kolkata wana zao za Kibengali; na hali kadhalika wasemao Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Filamu inaweza kupendwa na Kerala nzima, ikakaririwa na wazee na watoto, na bado mtu wa Mumbai asipate hata kulisikia jina lake. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeletewa zaidi zile za Mumbai. Kwa hiyo tulipoanza kumjua Priyadarshan, tulimjua kutoka katikati ya safari yake.

Sasa tuutazame ushahidi wa wanaomlaumu, nao si haba. Filamu hiyo ya 1992, *Muskurahat*, ilikuwa ni *Kilukkam* ya mwaka 1991 iliyovishwa nguo za Kihindi. Mwaka uliofuata alitoa *Gardish*, ambayo asili yake ni *Kireedam*, filamu ya Kimalayalam ya 1989 iliyoongozwa na Sibi Malayil. *Virasat* ya 1997 ilitokana na filamu ya Kitamil iitwayo *Thevar Magan*, ya 1992. *Hera Pheri* ya mwaka 2000, ambayo vijana wetu wengi wanaijua kwa moyo, ni *Ramji Rao Speaking* ya 1989, kazi ya waongozaji wawili, Siddique na Lal. *Hungama* ya 2003 ni ile ile filamu yake ya kwanza ya 1984. *Hulchul* ya 2004, *Garam Masala* ya 2005, *Bhool Bhulaiyaa* ya 2007 na *Billu* ya 2009, kila moja ina mama yake katika Kimalayalam. Mtu akiyasoma majina haya kwa mfululizo, hawezi kumlaumu anayeuliza: huyu bwana ana cha kwake?

Fundi cherehani mmoja wa Ngamiani, Tanga, ambaye jioni nyingi za ujana wake alizimalizia katika majumba ya sinema ya mji huo, ndiye msemaji mkuu wa walalamikaji ninaowajua. Hoja yake huitoa katika kazi yake. "Mwalimu," aliniambia, "mteja akiniletea shati la mwenzake akataka nimshonee kama hilo, nitamshonea. Lakini siwezi kulitundika mlangoni nikatangaza kuwa mshono huu nimeubuni mimi. Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Mpinzani wake ni kijana atengenezaye simu katika kibaraza cha pili. Kijana huyu ana adabu. Hata katikati ya ubishi hutanguliza heshima. "Shikamoo, mzee. Lakini mzee wangu, hata vitambaa unavyovishona hukuvifuma wewe. Mimi Kimalayalam sikijui. Asingetuletea yeye hadithi za watu wa Kerala, tungezipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kuletewa ni jambo jema," alijibu yule mzee. "Ninachouliza ni hiki: aliyeleta alituambia amezitoa kwa nani?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Naona kwamba mzee yule, pengine bila kukusudia, aliligawa swali letu katika sehemu mbili ambazo wabishani wengi huzichanganya. Liko swali la uwezo: je, anayesimulia upya ameongeza kitu? Na liko swali la haki: je, amemtaja aliyemtangulia? Mtu anaweza kufaulu katika moja akaanguka katika jingine. Tuyachukue moja moja.

Kuhusu uwezo, nadhani mfano bora ni *Bhool Bhulaiyaa*. Asili yake ni *Manichitrathazhu* ya mwaka 1993, iliyoandikwa na Madhu Muttam na kuongozwa na Fazil. Kazi ile ilikuwa kubwa hata Fazil akawaita waongozaji wenzake wamsaidie kupiga sehemu za picha, na mmoja wao alikuwa Priyadarshan mwenyewe. Kwa hiyo alipoitengeneza upya miaka 14 baadaye hakuwa mgeni aliyechungulia dirishani. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kuijenga nyumba.

Kisa chenyewe ni cha mke kijana anayehamia pamoja na mumewe katika jumba la kale la ukoo. Katika jumba hilo kuna chumba kilichofungwa, na inasemekana ndani yake amefungiwa mzuka wa mcheza ngoma aliyedhulumiwa na bwana wa jumba zamani. Chumba kinafunguliwa, mambo ya ajabu yanaanza, na mwishowe daktari wa magonjwa ya akili anagundua kwamba mzuka uko ndani ya nafsi ya mke yule. Anapopandwa na hali hiyo husema lugha isiyokuwa yake.

Je, husema lugha gani? Hapo ndipo penye somo. Katika filamu ya Kimalayalam mcheza ngoma ametoka Thanjavur, naye husema Kitamil, lugha ya majirani wa Kerala. Filamu ilipotengenezwa upya kwa Kitamil mwaka 2005, ikaitwa *Chandramukhi*, haikuwezekana tena mzuka kusema Kitamil, maana hiyo ndiyo lugha ya nyumbani. Kwa hiyo ukasema Kitelugu. Na Priyadarshan alipoipeleka katika Kihindi, mcheza ngoma akawa Manjulika, mwanamke wa Kibengali, na mke yule akawa analia na kutisha kwa Kibengali. Kila nchi ilibidi ijiulize: jirani yetu ni nani? Ni nani tuliyemleta kwetu, tukamdhulumu, na sasa sauti yake inatutisha usiku? Swali hilo halijibiwi kwa kunakili. Hujibiwa kwa kuijua nchi unayoisimulia.

Msomaji wa pwani hatakiona kisa hiki kuwa kigeni sana. Katika ngoma za pepo za Unguja na za mwambao, pepo naye hujulikana kwa lugha na desturi za alikotoka: yuko wa Kiarabu, yuko wa Kihabeshi, yuko wa Kibuki aliyevuka bahari kutoka Bukini. Wageni wote waliopata kupita katika historia yetu wameacha sauti zao vichwani mwetu. Lau kama mtu wa kwetu angeitengeneza upya filamu ile, mtihani wake wa kwanza ungekuwa huo huo: mzuka wa jumba la Pangani au la Bagamoyo useme lugha gani? Akilijibu vizuri, amekuwa msimulizi. Akiuacha useme Kibengali, amebaki mnakili.

*Hera Pheri* nayo ina ushahidi wa namna hiyo, ingawa ni ya kuchekesha. Katika filamu ya asili, mzee mwenye nyumba alikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza kilichofilisika. Katika ile ya Mumbai, mzee huyo ni Baburao, mwenye gereji isiyo na wateja, anayekisema Kihindi kwa lafudhi ya Kimarathi. Paresh Rawal alimwigiza hata watu wakasahau kuwa wanatazama mchezo. Mifupa ya hadithi ni ile ile: watu watatu wasio na fedha, na simu ya watekaji nyara inayoingia katika nyumba isiyokusudiwa. Lakini nyama ni ya Mumbai. Kijana anayehangaika kutafuta kazi huku kodi ya chumba ikimsubiri ni mtu tunayekutana naye kila siku Kariakoo, na ndiyo maana filamu hiyo haikuhitaji pasipoti kuingia kwetu.

Hata hivyo nisionekane mtetezi asiyeona. Si kila alichokisimulia upya kilipata uhai wa pili. *Muskurahat* haikupata katika Kihindi mapenzi ambayo *Kilukkam* iliyapata Kerala. Na mwaka 2010 Priyadarshan alitoa *Bumm Bumm Bole*, ambayo asili yake ni filamu ya Irani ya mwaka 1997, kazi ya Majid Majidi, ijulikanayo duniani kwa jina la *Watoto wa Peponi*. Kisa chake ni chepesi kama unyoya: kaka na dada wa nyumba maskini wanatumia jozi moja ya viatu kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, ili wote wawili wasome. Majidi alikisimulia kwa kunong'ona. Kwa hukumu yangu mimi, ile ya Kihindi inapaza sauti pale ambapo mnong'ono ulitosha, na mtazamaji hutoka akiwa amesikia mengi na kuguswa kidogo. Hapo fundi wa Ngamiani ana haki yake: nguo ya kuazima haikusitiri.

Kwa upande wa uwezo, basi, hakuna hukumu moja ya kufunga kesi yote. Kila filamu ina kesi yake. Wale wasemao "amerudia, kwa hiyo hana maana" wanasahau methali isemayo ya kale hayanuki. Na pia wanasahau kwamba kipya ni kinyemi ingawa kidonda, yaani tunaweza kukipenda kitu kwa upya wake tu hali kina ila kubwa ndani. Upya peke yake si sifa ya sanaa.

Utamaduni wetu wenyewe unaushuhudia ukweli huo. Sayyid Aidarusi wa Pate alipoitia *Hamziya* katika Kiswahili, utungo wa asili ulikuwa ni wa Kiarabu, wa al-Busiri, na hakuna aliyefichwa. Muhammed Said Abdulla alipoandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, wasomaji waliomjua Sherlock Holmes walimtambua ndugu yake katika Bwana Msa. Lakini Bwana Msa alitembea Unguja, akasema Kiswahili cha Unguja, akafumbua mafumbo ya Kiunguja. Mwalimu Nyerere alipokifasiri kitabu cha Shakespeare kihusucho mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, alikiita *Mabepari wa Venisi*, na kwa neno hilo moja tu akatuonyesha ameusoma mchezo huo kwa macho ya nani na ya wakati gani. Tena Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili. Waliomsikiliza walizijua tuni zile tangu kwenye sinema, nao walizidi kumpenda.

Tena tukumbuke kwamba mwaka 1962, alipoihutubia nchi akiwa Rais wa Jamhuri mpya na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu hakusema kwamba tujifungie ndani. Alieleza kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajidhuru akili, lakini kujifunza huko kusitufanye tuutupe utamaduni wetu. Mizani hiyo ya pande mbili ndiyo ninayoitumia hapa.

Sasa tuje kwenye swali la haki, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Katika mifano yote niliyoitaja ya kwetu, aliyeazima alijulikana ameazima kwa nani, ama kwa kutajwa jina, ama kwa kuwa wote waliosikiliza walikwisha kujua. Lakini katika filamu zinazovuka bahari, ujuzi huo hupotea njiani. Waulize vijana mia moja waliocheka na *Hera Pheri* ni wangapi wanaomjua Siddique au Lal. Waulize waliotishwa na Manjulika kama wamepata kulisikia jina la Madhu Muttam. Mtu aliyekaa peke yake na karatasi, akakiwaza chumba kile kilichofungwa na mwanamke aliyemo ndani yake, ndiye anayesahauliwa kwanza. Huu ni udhalimu hata kama hakuna aliyeukusudia, na hauponywi kwa ufasaha wa yule aliyesimulia baadaye.

Hata hivyo mnyororo wa kuazima huwa mrefu kuliko tunavyodhani. *Garam Masala* ni marudio ya *Boeing Boeing*, ambayo Priyadarshan huyo huyo aliitengeneza kwa Kimalayalam mwaka 1985. Hiyo nayo iliifuata filamu ya Marekani ya 1965 yenye jina hilo hilo. Na ile ya Marekani ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Mfaransa, Marc Camoletti. Kwa hiyo kijana wa Tanga anayeicheka *Garam Masala* anacheka na Paris, ingawa kicheko chenyewe kimepitia Marekani, Kerala na Mumbai kabla ya kumfikia. Si aibu hadithi kusafiri hivyo. Aibu ni kuwafuta nyayo waliotangulia.

Jambo hili lilinijia kwa namna ya kunihusu mwenyewe katika kazi yangu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alileta hadithi fupi ya mashindano ya shule. Mwalimu mwenzangu aliyeisoma kwanza aliirudisha mezani akasema tuipe sifuri, kwani ilikuwa ni *Hera Pheri* waziwazi: vijana watatu wasio na kazi, chumba cha kupanga, na bahati iliyokosea njia. Niliisoma. Mwenzangu alisema kweli. Mifupa ilikuwa ya filamu ile. Lakini katika hadithi ya mwanafunzi hapakuwa na watekaji nyara wala simu ya mezani. Kilichokosea njia kilikuwa fedha zilizotumwa kwa simu katika namba isiyo yake, na fedha zile zilikuwa za bibi mmoja wa Muheza aliyekusudia kumpeleka mjukuu wake hospitali. Vijana wale watatu walikesha usiku kucha wakibishana kama wazirudishe. Mmoja wao alikuwa na deni la kodi, na mwenye nyumba alikuwa amelala chumba cha pili akisikia kila neno.

Nilimwambia mwenzangu kwamba mtoto huyu amefanya lile lile lililofanywa kwa mzuka wa Thanjavur: amejiuliza kwetu bahati hukoseaje njia, akapata jibu la kweli. Nani katika nchi yetu hajapata kutuma fedha zikaenda kusikokuwa kwake, au hajamjua aliyefikwa na hayo? Tena amelitia katika hadithi swali ambalo katika filamu limefunikwa na kicheko: mali ya mtu ikianguka mkononi mwako wewe mwenye njaa, ni ya nani? Tulimwita mwanafunzi. Hatukumpa sifuri, wala hatukumpa zawadi pale pale. Tulimtaka aandike juu ya ukurasa wa kwanza kwamba hadithi yake imetokana na filamu gani, na filamu hiyo nayo imetokana na ipi. Alistaajabu, kwani hakujua kuwa *Hera Pheri* ina mama. Siku ya pili alirudi na majina ya Siddique na Lal yaliyoandikwa kwa mwandiko safi, na hadithi yake ilikuwa imeboreka pia, maana alipokwisha kujua kipi si chake alikifupisha, akakirefusha kilicho chake.

Naliona hilo kuwa faida ambayo haisemwi vya kutosha. Kumtaja uliyeazima kwake ni heshima kwa mwenye mali, na pia ni taa kwa mwenye kuazima. Asiyetenga cha mwenzake na chake mwenyewe hawezi kujua uwezo wake umefikia wapi. Anayejua mpaka huo huweza kuuvuka.

Sharti niongeze kwamba kutaja jina si ruhusa ya kuuza. Darasani jina linatosha, sokoni halitoshi. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chini yake atakaye kuitengeneza upya filamu ya mtu hana budi kupata idhini ya mwenye haki. Wazo tupu halina mwenyewe. Watu watatu maskini waliopata bahati ni mali ya ulimwengu mzima. Lakini wazo likishavishwa wahusika, mazungumzo na mfuatano wa matukio, hiyo ni jasho la mtu, na jasho hulipwa. Walimu wakiwafundisha vijana tofauti hiyo mapema, watakuwa wamewalinda pia wao wenyewe, kwani kesho hadithi zitakazoazimwa zitakuwa zao.

Nirudi kwa Priyadarshan. Wanaomlaumu hupenda kusema hana cha kwake. Neno hilo si kweli. Mwaka 2008 ilitoka *Kanchivaram*, filamu ya Kitamil juu ya mfumaji wa hariri anayewafumia wengine sari za arusi maisha yake yote, hali yeye mwenyewe hana uwezo wa kumvika binti yake hariri siku ya kuolewa. Baba huyo amekwisha kuahidi, na ahadi inamponza. Filamu hiyo ilipewa Tuzo ya Taifa ya India ya filamu bora, na mwigizaji wake, Prakash Raj, akapewa tuzo ya mwigizaji bora. Kisha akaja na *Marakkar*, iliyoonyeshwa mwaka 2021, juu ya nahodha Kunjali Marakkar wa Malabari aliyepigana na Wareno. Nayo ilipata tuzo hiyo ya filamu bora. Wareno hao ndio walioanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, kwa hiyo hadithi ile ni jirani wa karibu wa hadithi yetu.

Filamu hizo mbili ndizo zilizonifanya niyaelewe malalamiko ya yule fundi. Mashabiki hawalalamiki kwa sababu mtu wao hawezi. Wanalalamika kwa sababu anaweza. Ameonyesha kwamba anajua kufuma hariri yake, naye amezitumia siku nyingi kufuma kwa nyuzi za wengine. Lawama hiyo ni ya mapenzi, na mwenye kipawa anastahili kuisikia. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba hatumkosei tukisema ameegemea mno marudio. Ila tutamkosea tukisema marudio hayo hayakuwa na kazi yake ndani. Mengi yalikuwa nayo.

Tena dunia imemlipa kwa kipimo chake mwenyewe. *Hera Pheri* ilipata filamu ya kuifuata mwaka 2006, nayo iliongozwa na Neeraj Vora. *Bhool Bhulaiyaa* ilipata ya pili mwaka 2022 na ya tatu mwaka 2024, zote zikiongozwa na Anees Bazmee. Leo wapo watazamaji wachanga waliomjua Manjulika katika filamu hizo za baadaye, wasiojua kwamba Priyadarshan aliwahi kumwongoza, sembuse Fazil, sembuse Madhu Muttam. Aliyeazima ameazimwa, na jina lake nalo limeanza kufifia katika mnyororo ule ule alioufifisha kwa wenzake.

Yule fundi na yule kijana wa simu hawajapatana, na sidhani kama watapatana, maana kila mmoja ameshika upande wa kweli. Hata hivyo sasa kijana akimwekea mzee filamu mpya, mzee haulizi tena kama ni ya kurudiwa. Huuliza, "Mama yake ni nani?" Na kijana, kwa kuwa hapendi kushindwa, huwa amekwisha kulitafuta jibu kabla hajaulizwa.